Aliyepigwa Ndiye Anafungwa

Hapa Nakivale, si mbali na soko, kuna kibanda cha video chenye kompyuta moja kuukuu. Mwenye kibanda ameijaza gemu za zamani, zile tulizozijua utotoni kwenye kaseti za njano na nyekundu. Watoto wanalipa sarafu, wanakaa wawili wawili kwenye benchi, na wengine wanasimama nyuma yao wakisubiri zamu na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Siku moja mvua ilinikuta njiani, nikaingia pale kujikinga. Kwenye skrini kulikuwa na uwanja mweupe na watu wadogo wanaoteleza na magongo mkononi. Wawili wakagongana, wakagongana tena, na ghafla mchezo ukasimama. Picha ikawavuta karibu, wakaanza kurushiana ngumi. Mmoja akaanguka. Nikadhani mwamuzi atamfukuza yule mpigaji. Wapi! Aliyeanguka ndiye aliyetolewa uwanjani na kuwekwa kifungoni pembeni. Yule aliyempiga akarudi kucheza kama vile hakuna kitu.

Mtoto mmoja wa miaka kama tisa akageuka akaniuliza mimi, maana nilikuwa mtu mzima pekee mle ndani: "Papa, huyu bamemupiga, na tena njo bamemufunga?"

Nilikosa jibu. Nikamwambia, "Ndivyo mchezo ulivyo, mtoto wangu." Lakini jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe. Basi nikaanza kuchimba historia ya gemu ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

Gemu inaitwa Blades of Steel. Jina linazungumzia vile vyuma vyenye makali vinavyofungwa chini ya viatu ili mtu aweze kuteleza juu ya barafu. Ilitengenezwa na Konami, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1969 mjini Osaka kwa kukodisha na kutengeneza mashine za kupiga muziki. Baadaye Konami ikaingia kwenye mashine za gemu za sarafu. Kama uliwahi kucheza Contra, basi Konami unaijua hata kama jina lake hukulisoma, kwa sababu Contra ni yao pia, na zote mbili zilitoka mwaka 1987.

Kwanza zilitoka kama mashine kubwa za kusimama, zile za kumeza sarafu kwenye kumbi za michezo. Mwishoni mwa 1988 Blades of Steel ikafika kwenye nyumba za Wamarekani kupitia kile kisanduku cha Nintendo, na hiyo ya nyumbani ndiyo iliyokumbukwa na wengi. Sisi tulikuja kuvijua visanduku hivyo kupitia nakala za bei nafuu kutoka Asia, ambazo kaseti yake moja ilijisifu kuwa na gemu mamia, kumbe ni zilezile chache zinarudiwa kwa majina mengine.

Kwa wale ambao mpira wa magongo wa barafuni ni kitu kigeni: kila upande una watu sita, mlinda mlango akiwa mmoja wao. Wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu, wanakisukuma kwa magongo kuelekea golini. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Mchezaji akifanya kosa anatolewa na kufungiwa kwenye kisanduku pembeni kwa dakika kadhaa, na mara nyingi timu yake inabaki pungufu mpaka muda wake uishe. Hicho kisanduku kikumbuke, tutakirudia.

Konami hawakuwa na kibali cha ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, ile NHL. Bila kibali huwezi kutumia majina ya timu, wala nembo, wala majina ya wachezaji. Ila jina la mji halina mwenyewe. Basi wakaweka miji minane tu: New York, Chicago, Los Angeles, Minnesota, Toronto, Montreal, Edmonton na Vancouver. Minnesota ni jimbo, siyo mji, lakini hata timu yenyewe ya huko ilijiita hivyo.

Isome tena hiyo orodha, ndugu msomaji, halafu niambie inakukumbusha nini. Mimi ilinikumbusha ule ubao wa matangazo ambao tunausogelea tukiwa na karatasi zetu mkononi. Ni miji ya watu waliopanda ndege. Kwenye kibanda kile watoto wanaichagua kwa fujo: "Mimi niko Chicago!" "Mimi Toronto, kuna shangazi yangu!" Waliotengeneza gemu walitafuta majina ya kuzuia kesi mahakamani. Sisi tumeyapokea kama majina ya ndugu.

Kwa wakati wake ilikuwa gemu ya ajabu. Ilikuwa inaongea. Ukiiwasha, sauti ya mtu, nzito na yenye mikwaruzo, inatamka jina lake. Mchezo ukiendelea, sauti hiyo inatangaza pasi. Mwaka 1988 sauti ya binadamu kutoka kwenye kaseti ndogo haikuwa jambo la kila siku. Mapumzikoni wakaweka matangazo ya gemu zao nyingine, na mojawapo ilikuwa kigemu kidogo cha chombo cha anga ambacho unaweza kukicheza mwenyewe ukisubiri kipindi cha tatu. Timu zikitoka sare, wanapigiana penalti. Ligi yenyewe ya NHL ilianza kuamua mechi zake za kawaida kwa penalti kwenye msimu wa 2005–06. Yaani kaseti ilitangulia ligi kwa miaka zaidi ya 15.

Lakini kilichoipa jina ni ngumi. Wachezaji wakigongana mara kadhaa, uwanja unapotea, wanabaki wawili tu, kila mmoja na kipimo cha nguvu zake kinachopungua kila anapopigwa. Nani alianza? Gemu haiulizi. Nani alimfuata mwenzake? Haikumbuki. Inachokijua ni kimoja tu: kipimo cha nani kimeisha. Huyo ndiye mkosaji, na timu yake itacheza pungufu.

Wala Konami hawakuwa peke yao. Mwaka huohuo wa 1988 Nintendo wenyewe walitoa gemu yao ya hoki, ya timu za mataifa. Mle ndani ukizuka ugomvi wanarundikana wengi, lakini mwisho hukumu ni ileile: upande ulioshindwa ndio unaopoteza mtu. Katika gemu hiyo unaweza kuchagua Muungano wa Kisovieti au Chekoslovakia, nchi ambazo leo hazipo tena kwenye ramani. Zinaendelea kucheza humo.

Kwa nini wote wawili waliamua hivyo? Maoni yangu ni haya. Mashine ya sarafu haina muda wa kesi. Kumjua aliyeanza ugomvi kunataka kumbukumbu, kunataka shahidi, kunataka mtu wa kusikiliza pande mbili. Kumjua aliyeanguka kunataka jicho tu. Na mshindi akipewa zawadi, atatafuta ngumi nyingine, na sarafu nyingine itaingia. Hukumu ile ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi na inalipa. Haki haikuwemo kwenye hesabu.

Sasa, nilidhani huko kwenye hoki ya kweli mambo ni hivyohivyo. Mdogo wangu wa kike yuko Edmonton, mwaka wa tano sasa. Nikamtumia sauti kwenye WhatsApp nikamuuliza. Alicheka kwanza. Halafu akanijibu kwa lugha yetu ya nyumbani: "Kaka, huku bote babili banaingia ndani. Na ule alianza, banamuongezea."

Nikaenda kuhakikisha, na ni kweli. Katika NHL wanaopigana wote wawili wanapewa dakika tano kifungoni, aliyeshinda na aliyeshindwa. Na kwa kuwa wametoka mmoja kila upande, wengine wanaingia badala yao, hakuna timu inayobaki pungufu. Mwamuzi akiona kwamba mmoja ndiye aliyeuchokoza ugomvi, anamwongezea adhabu. Siyo haki kamili, na ni ajabu kwamba mchezo unaruhusu ngumi kiasi hicho. Lakini angalau kuna mtu anayeuliza nani alianza. Gemu ilichukua kila kitu cha hoki, barafu, magongo, kelele, ikaacha swali hilo moja tu nje.

Hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo. Kwa sababu sisi wa hapa, yule anayefungwa tunamfahamu. Kwetu, upande wa Uvira, waliokuja usiku ule hawako kambini. Shamba wanalilima wao. Aliyepigwa ndiye aliyevuka mpaka, ndiye anayepanga foleni, ndiye anayeulizwa tarehe na majina kwa mara ya nne kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Kisanduku cha pembeni tunakijua. Unauona mchezo vizuri sana kutoka pale, ila hauchezi.

Turudi kwenye historia, maana gemu ilikuwa na wadogo zake. Mwaka 1991 ilitoka ya Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi isiyo na rangi. Mwaka huohuo kampuni ya Kimarekani, Electronic Arts, ikaanza mfululizo wake wa hoki wenye kibali cha NHL, na mambo yakabadilika. Wachezaji wa gemu sasa walitaka majina ya kweli. Toleo lao la '93 lilikuwa na majina ya wachezaji lakini si ya timu. Toleo la '94 likapata yote mawili, na ngumi zikaondolewa, kwa sababu ligi haikutaka sura yake iwe ile. Unaona biashara ilivyokwenda: ukipewa jina, unapewa na masharti.

Konami nao wakarudi mwishoni mwa miaka ya 1990, safari hii na kibali mkononi. Ikatoka NHL Blades of Steel '99 ya Nintendo 64 na Game Boy, halafu NHL Blades of Steel 2000 ya PlayStation na Game Boy Color. Timu za kweli, nembo za kweli, majina mgongoni. Baada ya hapo mfululizo ukaishia. Wapenzi wa gemu za zamani hawazungumzii sana hizo mbili. Wanaizungumzia ile ya kwanza, isiyo na jina hata moja la mtu.

Na kuna kitu kidogo nilichokigundua nikilinganisha orodha. Minnesota haipo kwenye hizo za mwisho. Timu ile ilihamishwa mwaka 1993 kwenda Dallas, kusini kwenye joto, na Minnesota ikakaa bila timu ya NHL mpaka msimu ulioanza mwaka 2000. Matoleo yenye kibali yalilazimika kufuata karatasi: karatasi inasema Dallas, basi ni Dallas. Ni kaseti ya zamani tu, ile isiyo na kibali, iliyoendelea kusema kwamba Minnesota ina watu wake na watu hao wanacheza. Mtu aliyefutwa kwenye daftari moja atanielewa hapo.

Mwaka 2017 ikatoka gemu nyingine, Super Blood Hockey, ya mtengenezaji tofauti kabisa lakini iliyoifuata ile ya Konami kwa macho na kwa mtindo: vitu vidogo vya vidoti, barafu, na damu nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo mbegu haikufa, ingawa shamba lilibadilisha mwenyewe.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye kibanda, safari hii bila mvua. Yule mtoto alikuwepo, anacheza na Edmonton. Nikakaa pembeni nikamwambia nilichojifunza: kwamba huko kwenyewe wote wawili wanafungwa, na aliyeanza anaongezewa. Kwamba hii hapa ni sheria ya mashine, iliandikwa na watu waliotaka sarafu, na watu wengine waliandika nyingine.

Alisikiliza bila kuondoa macho kwenye skrini. Mchezaji wake alikuwa amepigwa muda si mrefu, yuko kifungoni, na timu yake imebaki pungufu. Akanyoosha kidole. "Lakini angalia, Papa. Anarudi."

Na kweli, muda wake ulikuwa umeisha. Akatoka kwenye kisanduku, akaingia barafuni, akaanza kukikimbilia kile kisahani pamoja na wenzake. Nikatamani kumwambia mtoto kwamba hapo gemu imetushinda, kwamba aliyeitengeneza, pamoja na hukumu yake mbovu, alikumbuka kuweka saa. Sikusema. Kipindi cha tatu kilikuwa kinaanza, na zamu yangu ya kucheza ilikuwa inafuata.