Vibarua wasiolipwa wanaobeba mavuno ya Matinyani

MKULIMA anayeuona mwembe wake umefunikwa na maua mwezi wa Agosti, kisha akavuna matunda ya kuhesabika ifikapo Januari, mara nyingi huilaumu mbegu, udongo au mvua. Katika eneo kavu kama Matinyani, Kaunti ya Kitui, lawama hizo huwa na msingi. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo hutajwa kwa nadra: huenda maua hayo hayakutembelewa na wadudu wa kutosha.

Wadudu hao ndio wachavushaji. Ni nyuki, vipepeo, nondo, nzi na mbawakawa ambao, wanapotafuta chakula katika maua, hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine na kuliwezesha ua kufanya tunda au mbegu. Ndege aina ya chozi na popo pia wamo katika kundi hili; popo, kwa mfano, huyatembelea maua ya mbuyu ambayo hufunguka usiku.

Uzito wa kazi hiyo umethibitishwa kimataifa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na IPBES, jopo la wanasayansi wanaochunguza hali ya viumbe na mazingira, ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiwango fulani. Umoja wa Mataifa nao uliitenga Mei 20 kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018.

Kwa mwenye ekari chache Matinyani, Kauwi au Kithumula katika eneobunge la Kitui Magharibi, takwimu hizo zina maana moja. Kumtunza mchavushaji ni sehemu ya ukulima, sawa na kuchagua mbegu na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko.

Mazao yanayowategemea

Si kila zao linahitaji mdudu. Mahindi huchavushwa na upepo, nazo ndengu hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa. Pengine ndiyo maana wakulima wengi hawajaona haja ya kulitilia maanani suala hili.

Mambo ni tofauti kwa maboga na matikitimaji. Mimea hii huwa na maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na ua moja hufunguka kwa saa chache tu za asubuhi. Nyuki wasipofika katika muda huo, kitunda kichanga hugeuka manjano na kuanguka. Wakifika wachache mno, tikiti hukua likiwa limepinda au limenywea upande mmoja.

Mbaazi, zao ambalo Ukambani limelizoea tangu jadi, huweza kujichavusha, lakini hufaidika zaidi likitembelewa na nyuki wakubwa wenye nguvu za kulifungua ua lake. Miongoni mwao ni wale nyuki weusi wanaotoboa mbao na kutaga mayai ndani, ambao watu wengi huwaua wakidhani ni waharibifu tu.

Nyanya na biringanya zina mahitaji ya kipekee. Chavua yake imefichwa ndani ya vijitundu na hutoka ua linapotikiswa kwa mtetemo. Nyuki wa asali hawana ustadi huo. Huo ni ujuzi wa aina fulani za nyuki wa porini wanaoishi mmoja mmoja. Kwa hivyo, mkulima mwenye mizinga kumi bado anawahitaji nyuki wasio na mzinga.

Nao mwembe, ambao huwapa wakulima wengi wa Kitui na Makueni fedha za karo na matumizi ya nyumbani, huhudumiwa kwa sehemu kubwa na nzi wa aina mbalimbali wakisaidiwa na nyuki. Nzi hawa wasichanganywe na nzi wa matunda, ambaye hutaga mayai ndani ya embe na kuliozesha.

Papai lina kisa chake. Wanasayansi Dino Martins na Steven Johnson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walionyesha kuwa mipapai nchini Kenya huchavushwa na nondo wakubwa wanaoruka kwa kasi nyakati za machweo, na kwamba umbali wa shamba kutoka kwa msitu au kichaka, pamoja na hali ya kichaka hicho, huathiri kazi hiyo. Aidha, kwa mipapai ya aina iliyo na miti dume na miti jike, mkulima anayekata madume yote kwa kuwa hayazai huwa amejinyima chavua. Inapendekezwa abakize angalau dume mmoja kwa takriban kila majike kumi.

Njaa ya kiangazi

Matinyani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mvua ya vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Baada ya kila msimu, magugu na mimea ya shambani hukauka, na wadudu hubaki bila chakula kwa majuma mengi.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mwembe huchanua wakati wa kiangazi, kabla ya vuli. Ikiwa wadudu wamekufa kwa njaa au wamehama miezi miwili kabla ya hapo, hawatatokea ghafla siku maua yanapofunguka. Bustani ya kuwafaa wachavushaji, kwa hivyo, hupimwa kwa idadi ya miezi ambayo ndani yake kuna walau mmea mmoja wenye maua, wala haipimwi kwa uzuri wake.

Mbaazi za jadi husaidia kuziba pengo hilo. Hupandwa wakati wa vuli na kuvunwa kati ya Julai na Septemba, na maua yake huwapo wakati kunde na maharagwe yamekwisha kung'olewa. Mistari michache ya mbaazi kando ya shamba ni chakula cha watu na cha nyuki.

Miti ya kienyeji ndiyo nguzo kuu. Mgunga ambao Wakamba huuita muthiia huchanua wakati wa ukavu, mvua inapokaribia, na ni maarufu miongoni mwa warina asali. Mkwaju, au kithumula, pamoja na muuku, pia hupendwa na nyuki. Mshubiri mwitu, unaoitwa kiluma, huvumilia jua kali na maua yake huwavutia nyuki na chozi; hufaa kupandwa penye mawe ambapo mazao hayastawi.

Ndiyo sababu uchomaji makaa si suala la misitu pekee. Januari 2018, serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutokana na uharibifu wa mazingira. Kila mgunga unaoangushwa kwa ajili ya gunia la makaa huondoa chakula cha wadudu kwa miaka mingi, kwa kuwa mche unaopandwa badala yake hauchanui kesho.

Kuanzisha bustani

Bustani hii haihitaji shamba jipya. Kingo za matuta ya fanya juu, uzio wa boma, kando ya njia na sehemu inayopokea maji yaliyotumika nyumbani zinatosha. Miche ya miti ipandwe mwanzoni mwa vuli ili ipate mizizi kabla ya ukavu wa Januari na Februari.

Karibu na nyumba, mkulima anaweza kupanda alizeti, mrihani na dania. Asing'oe dania yote. Mashina machache yakiachwa yachanue, maua yake madogo huwavutia nyuki wadogo pamoja na nzi ambao viwavi wao hula vidukari. Vivyo hivyo kwa vitunguu na sukumawiki iliyozeeka.

Mimea ya aina moja ipandwe pamoja badala ya kutawanywa, kwa kuwa nyuki hupendelea kukusanya chakula mahali ambapo hatapoteza muda mwingi akiruka. Mbegu za alizeti zikipandwa kwa awamu, wiki mbili au tatu baina ya awamu moja na nyingine, muda wa maua hurefuka.

Tahadhari inahitajika kuhusu lantana. Vipepeo huipenda mno, lakini ni mmea vamizi kutoka bara la Amerika, husonga malisho na ni sumu kwa mifugo. Ipo mimea mingine mingi ya kuwafaa vipepeo.

Maji ni muhimu sawa na maua. Karai au chungu kipana chenye maji machache na kokoto za kukanyagia huwazuia nyuki kuzama. Kiwekwe kivulini, mbali kidogo na mlango, na maji yabadilishwe kila siku mbili au tatu ili mbu wasizaliane.

Makao nayo yasisahauliwe. Aina nyingi za nyuki wa porini hutaga mayai ardhini, katika udongo mkavu usiolimwa. Wengine hutumia mashimo ya mbao kuukuu au mashina makavu ya mimea. Kipande kidogo kisichoguswa na jembe, na gogo moja lililoachwa lioze, ni nyumba tosha.

Kiwavi na kipepeo

Wengi hupenda kipepeo lakini humwua kiwavi, wakisahau kwamba ni kiumbe mmoja. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anayeonekana mara kwa mara penye michungwa na milimau, hutaga mayai kwenye majani ya miti hiyo. Viwavi wake wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, kisha huwa kijani wanapokua.

Katika miche michanga ya michungwa, viwavi hao huleta hasara na hufaa kuondolewa kwa mkono. Wakihamishiwa kwenye mlimau mkubwa, hawatauangamiza mti huo. Vipepeo weupe wanaohama kwa makundi makubwa katika maeneo makavu baada ya mvua nao hutegemea vichaka vya kienyeji kwa chakula cha viwavi wao.

Kwa kazi ya shambani, kipepeo hamfikii nyuki. Hata hivyo, kuwapo kwake ni ishara kwamba eneo halijajaa sumu. Kipepeo pia ana thamani ya kibiashara: tangu mwaka 1993, wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi wamekuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede na kuuza buu zao ng'ambo.

Dawa na wakati wake

Hatari iliyo karibu zaidi na mkono wa mkulima ni bomba la kunyunyizia dawa. Sumu ya kuua wadudu inayopigwa kwenye ua lililofunguka huua mharibifu na mhudumu kwa pamoja. Mwaka 2018, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya aina tatu za dawa za kundi la neonikotinoidi, yaani imidaklopridi, klothianidini na thiametoksamu, kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki.

Kanuni ya kwanza ni kutonyunyizia mmea unaochanua isipokuwa pasipo budi. Ikibidi, kazi hiyo ifanywe jioni nyuki wakishalala, na siku isiyo na upepo. Mipapai haiingii katika kanuni hii ya jioni, kwa kuwa nondo wake ndio kwanza wanaanza kazi. Maua yake yasinyunyiziwe kabisa. Maelezo ya kibandiko cha dawa yasomwe kabla ya kununua, wala si baada ya kupiga.

Dhidi ya nzi wa matunda, mitego yenye kivutio, pamoja na kukusanya na kuteketeza au kufukia maembe yaliyoanguka, hupunguza haja ya dawa. Mwarobaini huwa na madhara madogo kuliko kemikali nyingi, lakini nao usipigwe juu ya maua. Dawa za kuua magugu pia zina athari: hazimuui nyuki papo hapo, bali humaliza chakula chake.

Mizinga

Wakamba ni wafugaji wa nyuki wa tangu zamani, na mwatu, mzinga wa gogo unaotundikwa mtini, ungali unaonekana Ukambani. Mzinga wa KTBH wenye vijiti juu, uliobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, hurahisisha ukaguzi na urinaji bila kuharibu masega yote. Mizinga iwekwe mbali na nyumba, njia na mifugo, kwa kuwa nyuki wa Afrika ni wepesi wa hasira.

Mkulima asiye na uwezo wa kununua mzinga ana jaribio rahisi la kujua kama shamba lake lina upungufu wa wachavushaji. Asubuhi na mapema, achume ua la kiume la boga na kulipangusa ndani ya maua machache ya kike, kisha ayatie alama kwa uzi. Ikiwa maua yenye uzi yatazaa na mengine mengi yaanguke, shida haikuwa mbegu wala mbolea, na hapo atajua kwamba msimu ujao kingo za matuta yake zinahitaji maua kabla ya shamba kuhitaji dawa.