MWADUI: Mji wa Shinyanga Uliompa Malkia Almasi ya Pinki, Wenyeji Wakabaki Nje ya Uzio

Ukipanda basi Shinyanga mjini kuelekea Mwanza, nusu saa hivi unafika Maganzo. Ni senta ya kawaida tu ya barabara kuu: bodaboda wamejipanga, mama lishe wanapakua, vibanda vya kutuma pesa, gesti mbili tatu. Abiria wengi hawainui hata macho kwenye simu zao. Lakini hapo Maganzo kuna barabara inachepuka, na ukiifuata kidogo unakutana na geti. Nyuma ya geti kuna mji mzima, una hospitali yake, shule zake, uwanja wake wa mpira na hata uwanja wa ndege. Huo ndio Mwadui.

Vijana wengi wa mjini wanaujua Mwadui kwa mpira. Timu yake ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16, Simba na Yanga wakawa wanafunga safari kwenda kucheza ndani ya eneo la mgodi, hadi iliposhuka daraja mwaka 2021. Wachache wanajua kwamba kutoka kwenye ardhi hiyo hiyo lilitoka moja ya mawe maarufu kuliko yote duniani, na kwamba jiwe hilo limevaliwa kwenye harusi ambayo dunia nzima iliitazama kwenye TV.

Kwanza, ardhi yenyewe

Mwadui uko wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, katikati ya nchi ya Wasukuma. Ukiangalia kwa macho hauoni utajiri wowote. Ni tambarare, jua kali, mibuyu imesimama mmoja mmoja, mashamba ya pamba na mtama, ng'ombe kwa mamia. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa mbuga unanata kama gundi, na gari likizama humo, mtakesha.

Uwazi huo wa Shinyanga nao una historia yake. Enzi za ukoloni serikali ya Mwingereza iliweka makao ya utafiti wa mbung'o pale Shinyanga ya zamani, ile ambayo mpaka leo watu wanaiita Old Shinyanga. Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na kuleta ugonjwa wa malale, na dawa iliyoonekana inafaa ilikuwa kufyeka pori. Machifu wakawatoa watu wao, maelfu kwa maelfu, wakakata miti. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaongezeka, miti ikaisha. Ndiyo maana baadaye Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa la Tanzania, mpaka mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulipowarudisha watu kwenye ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho yapumzike na miti iote tena.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, hapa palikuwa mahali pa ng'ombe, pamba na reli. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imeshafika Mwanza tangu 1928. Upande wa Geita dhahabu ilikuwa inachimbwa tayari. Almasi zilikuwa zimeonekana hapa na pale, kama kule Mabuki, lakini kidogo kidogo, za kuvunja moyo.

Mtu wa mawe

Basi ndipo anaingia John Williamson, Mkanada, mzaliwa wa Quebec mwaka 1907, mwenye shahada ya udaktari ya miamba kutoka Chuo Kikuu cha McGill. Alikuja Afrika kuajiriwa, akaishia kujitafutia mwenyewe. Miaka kadhaa alizunguka Usukumani akipima mchanga, akiugua malaria, akikopa pesa. Aliyemshika mkono alikuwa wakili mmoja wa Mwanza mwenye asili ya India, ambaye baadaye akawa na hisa kwenye kampuni.

Mwaka 1940 akaupata mwamba aliokuwa anautafuta. Hadithi inayopendwa inasema gari lake lilikwama kwenye tope karibu na mbuyu, akashuka, akainama, akaona almasi inametameta. Ni tamu kusimulia. Lakini mtu aliyetumia miaka kufuata dalili za mchanga kutoka bonde moja hadi jingine hakubahatika tu. Na wala hakuwa peke yake. Kulikuwa na watu waliochimba mashimo ya majaribio, waliobeba maji, waliochekecha changarawe kutwa nzima juani. Hao ndio walioijua nchi: wapi kuna maji, njia ipi inapitika masika. Kwenye hadithi ya mbuyu, hawamo.

Alichokipata kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Almasi hupandishwa kutoka chini sana ya ardhi na mlipuko wa kale, na mlipuko ule huacha kama bomba lililojaa mwamba uitwao kimbalaiti. Bomba la Mwadui kwa juu lina ukubwa wa hekta 146. Ili uelewe, hapo unaweza kupanga viwanja vya mpira zaidi ya 200. Lile shimo maarufu la Kimberley kule Afrika Kusini, ambalo watalii wanalipa kuliona, lina hekta 17 tu.

Wafalme wa almasi wa Afrika Kusini, De Beers, walitaka kumnunua. Aligoma. Akabaki na mgodi wake, akajenga na mji.

Jiwe la harusi

Oktoba 1947 likapatikana jiwe la pinki, karati 54.5 likiwa ghafi. Mwezi uliofuata, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa anaolewa. Williamson akampa zawadi.

Jiwe likakatwa London, likabaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka ule ule aliotawazwa, sonara wa Cartier wakalitengenezea bruchi yenye umbo la ua, jiwe la Mwadui likikaa katikati na almasi nyeupe ndogo ndogo zikilizunguka. Malkia aliipenda. Aliivaa kwenye harusi ya mwanae Charles na Diana mwaka 1981. Mamilioni ya watu duniani waliona kipande cha Kishapu kwenye bega la Malkia bila kujua ni nini.

Jiwe likapewa jina: Almasi ya Williamson. Ukisoma habari zake utakuta jina la aliyelitoa, jina la aliyelipokea na jina la kampuni ya masonara. Mikono iliyochimba na kuosha ule udongo haimo. Kwa wenzetu wa mitandaoni, hii ndiyo ile unapiga picha kali halafu mwingine anaipandisha kwake bila kukutaja.

Maisha ndani ya geti

Almasi haina uzito. Mkaa wa thamani ya elfu kumi unakuelemea, lakini almasi ya thamani ya nyumba inakaa chini ya ulimi. Ndiyo maana tangu mwanzo Mwadui ukawa mji wa uzio. Kuingia ni kwa ruhusa, kutoka ni kwa kukaguliwa.

Ndani kukawa na maisha ambayo nje hayakuwepo: maji ya bomba, umeme, nyumba zilizopangwa kwa mistari, mitaa yenye miti ya kivuli, hospitali, shule. Maji yalihitaji mabwawa maana nchi yenyewe ni kavu. Na kama miji mingine ya kikoloni Tanganyika, makazi yalifuata rangi ya ngozi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na ubora wa nyumba ukishuka kwa mpangilio huo huo. Mwaka 1956 Princess Margaret, mdogo wake Malkia, alifika kutembelea mgodi. Alioneshwa mji safi. Ulikuwa safi kweli.

Kwa familia ya Kisukuma, kupata kazi Mwadui ilikuwa kutoka kimaisha. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya mgodi, akasoma ndani, alikua akiwasha taa kwa swichi wakati binamu zake kilomita tano nje wanasomea kibatari. Mpaka leo ukikutana na watu wazima waliolelewa Mwadui, wanausimulia kama paradiso. Hawadanganyi. Paradiso ilikuwepo, ila ilikuwa na geti.

Mgodi mmoja, wenyewe wengi

Williamson alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50, hana mke wala mtoto. Mwaka huo huo warithi wakauza, na mgodi ukawa nusu wa De Beers na nusu wa serikali ya Tanganyika. Alichokikataa akiwa hai kikatokea miezi michache baada ya kuzikwa.

Baada ya uhuru na Azimio la Arusha, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mgodi ukataifishwa. Uzalishaji ukashuka, mitambo ikazeeka. Mwaka 1994 De Beers wakarudi wakiwa na asilimia 75, serikali 25. Mwaka 2009 wakaondoka, hisa zao zikachukuliwa na Petra Diamonds. Mwaka 2021 makubaliano mapya yakapandisha sehemu ya serikali hadi asilimia 37, na Januari 2025 Petra nayo ikatangaza kuuza hisa zake.

Ukihesabu, geti ni lile lile, bango ndilo linabadilika. Jirani zao wa Geita wanaijua hali hiyo: mgodi wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966, mji ukalala usingizi kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Mji wa madini unaishi kwa pumzi ya shimo lake.

Nje ya uzio

Mwadui wao hawakufunga moja kwa moja. Nje ya uzio likakua kundi la vijana wanaoitwa wabeshi, wanaoingia mgodini kwa magendo usiku kutafuta mawe kwenye mchanga. Kwa kampuni ni wezi. Kwa kijana mwenyewe, ni babu yake aliyekuwa anachunga ng'ombe hapo kabla waya haujapigwa. Hizo hoja mbili hazijawahi kukaa meza moja kwa amani.

Gharama yake ikaja kuonekana. Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai yaliyofunguliwa Uingereza kwa niaba ya watu 71, waliolalamikia vipigo, majeraha na vifo vilivyohusishwa na ulinzi wa mgodi. Fedha hizo zilijumuisha fidia, gharama za mawakili na miradi ya jamii, na kampuni ililipa bila kukiri dhima kisheria. Halafu tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ukabomoka. Tope likamwagika kwenye mashamba na nyumba za vijiji jirani, Ng'wanholo na Nyenze. Hakuna aliyekufa, lakini kuna kaya zilizolala na shamba zikaamka na uwanja wa tope la kijivu.

Cha kutazama ukifika

Mgeni akifika leo ataona shimo pana lenye kingo za ngazi ngazi, vilima vya mchanga uliooshwa tangu enzi za Mkanada, nyumba za zamani chini ya miti mikubwa, uwanja wa mpira uliowatoa jasho vigogo wa Dar, na njia ya kurukia ndege. Mibuyu bado ipo. Kila mzee atakuonesha mbuyu wake na kuapa ndio ule wa kwenye hadithi.

Bruchi yenyewe iko Uingereza, kwenye hazina ya familia ya kifalme. Malkia ameondoka mwaka 2022, jiwe limebaki. Na pale Maganzo jua likizama, basi la Mwanza linasimama dakika mbili, mama anashuka na kiroba cha mchele, bodaboda wanamkimbilia: "Mwadila, mama! Twende Mwadui?" Anataja bei yake, wanabishana kidogo, anapanda. Pikipiki inachepuka kuelekea kwenye taa za getini, na kabla ya kuingia anatafuta kitambulisho kwenye mkoba, kama alivyofanya mama yake.