Habari za Maumivu na Uvumilivu

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Fulani haumwi, mbona halii?" Neno hili limewadhuru wengi katika nchi yetu, nasi twataka kulichungua.

Zamani, Kinondoni na Temeke zilipokuwa mashamba na vijiji vya Wazaramo nje ya mji wa Dar es Salaam, mvulana alitiwa jandoni. Ngariba alikata pasipo dawa ya ganzi, naye mvulana akajikaza asilie, maana kilio kingewaaibisha wazee wake. Alikwisha fundishwa maana ya kisu kile: alikuwa akivuka kutoka utoto kwenda utu uzima. Mvulana huyohuyo akichomwa na mwiba shambani labda alipiga kelele, na nani angemcheka? Jeraha lenye maana haliumi sawa na lile lisilo na maana.

Mshtuko nao hufanya kazi yake. David Livingstone, ambaye maiti yake Chuma na Susi waliifikisha Bagamoyo mwaka 1874, alikamatwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulivunjika. Lakini aliandika ya kuwa simba alipomtikisa hakusikia maumivu wala hofu, akawa kama mtu aotaye.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza ya kuwa katika uti wa mgongo mna kitu kama mlango. Habari za jeraha hupita humo kwenda kwenye ubongo, na ubongo wenyewe huweza kuufunga au kuufungua mlango ule. Rangi ya ngozi haimo katika jambo hili.

Lakini amri ya Wajerumani ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika apigwe kiboko, mapigo 25 kwa mara moja, ndiyo "hamsa ishirini" ya wazee wetu. Waarabu na Wahindi hawakupigwa kwa amri ile. Na aliyejikaza kimya, kama alivyofundishwa jandoni, huenda akadhaniwa hana maumivu.

Hospitali waliyoijenga pwani, Ocean Road, leo ni taasisi ya saratani. Humo wagonjwa hupewa mofini ya kunywa, kwa kadiri ya maumivu anayoyataja mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo wako akina baba ambao, wakiulizwa na mganga, hujibu "Sijambo," na jasho likiwatiririka usoni.