Msalaba wa Shaba na Arusi Zetu

Mvua zikikatika na mahindi yakianza kuingia ghalani, ndipo msimu wa arusi unapoanza hapa kwetu Kapolowe. Jumamosi baada ya Jumamosi utasikia vigelegele kuanzia Gare mpaka Misioni. Magari yaliyofungwa maua hutoka Likasi yakipiga honi, na watoto huyakimbilia njiani. Ni furaha kubwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini sisi tunaofundisha wachumba tunaona na upande wa pili. Tunaona watu waliokwisha kutoa mali yote ya ukwe. Wazazi wa pande mbili wamepatana. Wana watoto wawili au watatu. Na bado hawajafika mbele ya altare. Tukiwauliza kinachowazuia, hawasemi kwamba hawapendani, wala hawasemi kwamba wameacha imani. Wanasema: "Katekista, makuta ya ndoa bado." Tukiwaomba wayahesabu makuta hayo, wanataja gauni jeupe, suti, gari, ukumbi, keki ya ghorofa, mpiga picha wa video na katoni za bia. Miaka mitano inapita, hata kumi, nao kila Jumapili wanabaki kitini wenzao wakienda kukomunika.

Basi tumeona vema kulitazama jambo hili kwa njia ya historia. Katika arusi ya leo, kipi ni cha wazee wetu, kipi ni cha Kanisa, na kipi ni cha kuazima?

MALI YA WAZEE

Nchi yetu ilijulikana kwa shaba kabla hajafika Mzungu hata mmoja. Basanga waliiita mukuba. Wakati wa kiangazi, mavuno ya mtama yakiisha, watu walihamia karibu na vilima vyenye mawe ya kijani. Wanawake na watoto waliokota mawe yaliyokuwa juu ya udongo, wanaume wakachimba mashimo. Tanuri ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mkaa ukachomwa, mivukuto ikapulizwa. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mgr. de Hemptinne, Mbenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges, aliyefika Katanga mwaka 1910 na kuwa askofu wetu, aliandika habari za kazi hiyo mwaka 1926. Makala yake aliiita "Wala shaba wa Katanga".

Misalaba hiyo ni ya zamani sana. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974. Walikuta misalaba ya shaba imelazwa pamoja na wafu, mingine juu ya kifua. Iko iliyopita umri wa miaka mia tano. Msalaba huo haukuwa Msalaba wa Bwana wetu, kwa maana Injili ilikuwa haijafika huku. Mikono yake imekaa kama herufi X, nao unafanana na msalaba wa Mtakatifu Andrea. Wala si hirizi. Ulikuwa mali, ukapita mikononi mwa wafanya biashara mpaka nchi za mbali.

Tena ulikuwa mali ya ukwe. Kijana akitaka mke, ukoo wake ulipeleka misalaba kwa ukoo wa binti. Tuangalie vizuri maana yake. Msalaba mmoja haukutoka katika mfuko wa kijana peke yake. Ndani yake kulikuwa na kazi ya mama aliyeokota mawe, ya kaka aliyechoma mkaa, na ya mzee aliyejua siri ya tanuri. Kwa hiyo kuutoa kulikuwa kama kusema: anayeomba si kijana huyu tu, tunaomba sote, nasi sote tutajibu kwa ajili ya ndoa hii. Kwa Balamba na Babemba, ambao watoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana neno kubwa, kijana alitoa na jasho lake: alilima shamba la wakwe, nao wakamtazama kama ni mvivu au mtu wa kazi.

Wazee hao hawakukosa furaha. Kulikuwa na ngoma, pombe, mafuta na rangi. Lakini hatujasikia kijana aliyezuiliwa kuoa kwa sababu hakupata ukumbi.

MASHINE, KAMBI NA MSHAHARA

Mambo yaligeuka upesi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika tanuri kubwa la huko. Tanuri za udongo wa kichuguu zikazimika. Msalaba wa mukuba ukaacha kuwa mali; siku za baadaye wengi waliuona tu katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960, na katika sarafu zake za mwaka 1961.

Hapo mwanzo kampuni iliajiri wanaume kwa muda mfupi, wakaacha wake zao vijijini. Tangu mwaka 1928 hivi ilianza kuwaandika kwa mikataba ya miaka mitatu, ikapenda waje na wake zao. Kambi za Likasi, mji ulioitwa Jadotville tangu 1931 mpaka 1966, zikajaa jamaa za kila kabila: Baluba wa Kasai, watu wa Lomami, Babemba, watu wa Ruanda na Urundi, pamoja na wenyeji. Kijana wa Kisanga alimwona binti wa Kasai kwenye bomba la maji, na desturi za pande mbili hazikufanana. Wazee walipokutana kuzungumza mali, walizungumza Kiswahili. Na mali yenyewe ikawa franka.

Hatulaumu jambo hilo. Bila hiyo franka na hicho Kiswahili, wengi wetu tusingalizaliwa! Lakini mshahara una tabia yake. Msalaba wa shaba ulikuwa kazi ya ukoo mzima. Mshahara ni wa mtu mmoja. Pole pole gharama zote za arusi zikaangukia mabega ya kijana peke yake, na arusi ikawa mahali pa kuonyesha mshahara wake ni wa namna gani.

GAUNI JEUPE LILITOKA WAPI?

Wengi wanadhani gauni jeupe ni sheria ya Kanisa. Sivyo. Zamani huko Ulaya bibi arusi alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, ya rangi yo yote: nyekundu, ya buluu, hata nyeusi. Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa amevaa nyeupe. Picha zake zikaenea, matajiri wakamwiga, na baada ya matajiri wakafuata wengine. Tena ule muziki wa arusi unaopigwa kwa kinanda, Mendelssohn aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare. Ulipata sifa kuu tangu ulipopigwa katika arusi ya binti wa Victoria huyo huyo, mwaka 1858. Malkia Victoria hakuwa hata Mkatoliki.

Hatusemi gauni jeupe ni baya. Linatukumbusha nguo ya Ubatizo, na binti aliye nalo alivae kwa furaha. Wala kitu hakiwi kibaya kwa sababu ni cha kuazima. Hata kikwembe tunachokiita cha kwetu kilizaliwa mbali: Waholanzi wa mji wa Helmond, tangu mwaka 1846, waliiga vitambaa vya Java, navyo vikapendwa Afrika, leo mama zetu wamevipa majina na wamevifanya vyao kabisa. Ubaya unaanza pale kitu cha kuazima kinapofunga mlango wa kanisa usoni pa maskini.

KANISA LINATAKA NINI?

Mwaka 866 Wabulgaria, waliokuwa Wakristo wapya kama wazee wetu wa juzi, walimwandikia Papa Nikolao wa Kwanza wakamwuliza mambo mengi, na juu ya ndoa pia. Papa aliwaeleza desturi za arusi za Roma: pete, mali, wageni, baraka ya padri, mataji wanayovikwa maarusi wakitoka kanisani. Halafu akaongeza neno ambalo tungependa liandikwe juu ya mlango wa kila ofisi ya parokia. Akasema kwamba si dhambi mambo hayo yote yasipokuwepo, maana wako watu wanaobanwa na umaskini. Bali mapatano ya hiari ya hao wawili yasipokuwepo, mengine yote ni bure, hata yakifanywa kwa fahari.

Mafundisho hayo hayakugeuka. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, ili pasiwe na ndoa za siri zinazowaumiza wanawake. Amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, ilieneza sheria hiyo katika nchi ambazo ile ya Trento ilikuwa haijatangazwa. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitamka kwamba penye desturi njema za ndoa, desturi hizo zitunzwe. Ila padri lazima aombe na kupokea mapatano ya maarusi.

Basi, hesabu yake ni hii: maarusi wawili walio huru, padri au shemasi, na mashahidi wawili. Serikali yetu nayo ina sehemu yake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mmoja awe ametimiza miaka 18, mali ya ukwe ipatanwe, na ndoa iandikwe. Katika hayo yote hatukuona keki.

ARUSI YENYE RANGI YA KWETU

Je, tufanye arusi kavu? Hapana. Bwana wetu alikwenda kwenye arusi ya Kana, na divai ilipowaishia hakuwaambia wageni warudi kwao. Tunachosema ni kwamba arusi nzuri inaweza kutengenezwa na vitu vya nyumbani, na watu wengi wakishika kazi.

Kwanza, wachumba wachague wakati. Kwaresima na Majilio ni siku za toba. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikataza baraka kuu ya arusi siku hizo, nasi hata leo tunafanya vema kuziheshimu. Miezi ya kiangazi inafaa: chakula kipo, njia ni kavu. Mwezi wa Oktoba jakaranda zinachanua Likasi na Lubumbashi, wala maua yake hayauzwi.

Pili, nguo. Ukoo wa bwana arusi uchague kikwembe kimoja, na ukoo wa bibi arusi kingine. Kanisani utaona rangi mbili zikiingia kwa milango miwili, na wakati wa kutoka zimechanganyika. Na kikwembe hakikodishwi kwa siku moja. Mama atakivaa tena Noeli na Pasaka.

Tatu, chakula. Tuna samaki wa ziwa letu la Tshangalele, lililotokea wakati Lufira ilipozuiliwa na bwawa la Mwadingusha, lililomalizika mwaka 1930. Tuna bukari, sombe, na munkoyo, kinywaji ambacho hata mtoto na mzee wanakunywa bila kuleta ugomvi usiku. Kila nyumba ilete sufuria moja, kama vile zamani kila mtu alivyoleta kikapu chake cha mawe ya kijani kwenye tanuri.

Nne, muziki. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi hapo Jadotville kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake "Masanga" ukasikika duniani. Alikuwa na gitaa moja tu. Baada ya Misa, gitaa moja na ngoma mbili zinatosha kuchezesha wazee na vijana mpaka jua linatua.

Tano, siku ya kutoa mali, uwepo na msalaba wa mukuba. Mafundi wa shaba wangaliko Lubumbashi na Likasi. Mdogo tu unatosha. Mjomba aukabidhi kwa ukoo wa pili mbele ya watu wote, awaeleze watoto maana yake, halafu siku ya arusi uwekwe juu ya meza ya karamu. Usiuzwe, usivaliwe kama hirizi. Ubaki katika nyumba ile, ili siku ya magomvi mtu autazame akumbuke kwamba koo mbili zilijibu kwa ajili yao.

NENO KWA WALE WANAONGOJA

Tunajua wako watakaosoma haya wakisema: "Watu watatucheka." Labda watacheka. Lakini tumewaona maarusi waliokopa, wakachezewa vizuri siku moja, kisha wakauza pikipiki ya kazi ili kulipa deni la ukumbi. Na waliocheka hawakuwepo siku ya kulipa.

Wazazi wetu, mjomba na shangazi, tunawaomba msaada wenu. Kijana akija kwenu na orodha ndefu, ifupisheni pamoja naye. Yale yanayobaki yagawanyeni, huyu samaki, yule unga, yule kuni, ili mzigo uwe tena wa ukoo. Nanyi mnaoishi pamoja tangu zamani, watoto wenu wakiwa wamekwisha kuingia shule, msione haya. Katika parokia nyingi za nchi yetu ndoa nyingi hufungwa pamoja katika Misa moja, na karamu huwa ya wote. Njoni kwa paroko mjiandikishe, mlete hati za ubatizo na majina ya mashahidi wawili. Mafundisho ni bure.