Mwanajeshi wa Marekani mwenye mgonjwa nyumbani: taratibu zinazotumika

Mwanajeshi wa Marekani aliye katika utumishi wa kudumu, ambaye mwenzi, mtoto au mtegemezi wake mwingine anahitaji matibabu maalumu, hutakiwa kumwandikisha mgonjwa huyo katika mpango ujulikanao kama EFMP. Mahitaji hayo huzingatiwa kabla ya mwanajeshi kupangiwa kituo kipya, ili familia isihamishiwe mahali pasipo na huduma inayofaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: uandikishaji huo haumwondolei wajibu wa kupelekwa vitani. Mgonjwa hubaki karibu na hospitali. Mwanajeshi huenda akaondoka.

Hali ikibadilika ghafla, jamaa huliarifu Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, nalo huthibitisha habari hospitalini na kuifikisha kwa kamanda. Shirika halitoi ruhusa. Likizo ya dharura huamuliwa na kamanda. Kwa hiyo ni busara jamaa wahifadhi mapema jina kamili la mwanajeshi, tarehe ya kuzaliwa, cheo na kikosi chake, kwani bila hayo ujumbe huchelewa.

Katika jeshi la nchi kavu, tatizo linalotarajiwa kwisha ndani ya mwaka 1 laweza kuombewa uhamisho wa huruma. Likiwa la kudumu, huombwa kuachishwa utumishi.

Na mwanajeshi mwenyewe akijeruhiwa, sheria ya likizo za kifamilia, kwa marekebisho ya mwaka 2008, humruhusu jamaa yake wa karibu aliyeajiriwa na mwenye kutimiza masharti kumuuguza kwa hadi wiki 26 ndani ya miezi 12. Likizo hiyo haina malipo.