Kontena za Java: safari ya kulikamata kosa mapema

Mwishoni mwa mwaka 2002, Rod Johnson, Mwaustralia mwenye shahada ya uzamivu ya taaluma ya muziki, alichapisha kitabu cha kuikosoa J2EE, mfumo rasmi wa kuundia programu kubwa za Java. Ndani yake mlikuwa na msimbo wa mistari ipatayo 30,000. Juergen Hoeller na Yann Caroff wakamshawishi aufanye mradi wa chanzo huria, na Machi 2004 Spring 1.0 ikatoka.

Wazo la Spring ni jepesi. Klasi ya malipo inahitaji hifadhidata. Ikijiundia muunganisho yenyewe, kuijaribu bila hifadhidata halisi ni kazi ngumu. Afadhali itaje mahitaji yake tu, kontena, kama Spring, ndiyo iyalete. Januari 2004 Martin Fowler aliandika makala iliyolinganisha Spring na kontena nyingine, PicoContainer, na mtindo huo wa kudunga tegemezi ukapata jina lake la kudumu.

Spring ya mwanzo ilipokea maelekezo kwa faili za XML, na humo jina la klasi ni maandishi matupu. Andika PaymentServce badala ya PaymentService: kompaila haioni kitu, programu inaanguka inapowashwa.

Machi 2007 Google ikatoa Guice, kazi ya Bob Lee na Kevin Bourrillion. XML ikawekwa kando. Maunganisho yakaandikwa kwa Java yenyewe, na alama ya @Inject ikawekwa kwenye konstrakta. Jina lililokosewa sasa lilinaswa na kompaila, ingawa tegemezi iliyosahaulika bado ilisubiri programu iwashwe. Novemba hiyohiyo Spring 2.5 ikajibu kwa alama yake ya @Autowired. Mwaka 2009 mahasimu Lee na Johnson waliongoza pamoja JSR-330, iliyoifanya @Inject kuwa kiwango cha Java.

Kwenye simu za Android, kuzichunguza klasi wakati programu inaendeshwa, kama zilivyofanya Spring na Guice, kulikuwa mzigo. Kampuni ya Square ikatoa kontena ya Dagger mwaka 2012. Google ikaiendeleza kuwa Dagger 2, ambayo huandika msimbo wote wa kuunganisha wakati wa kukompaili. Tegemezi ikikosekana, programu haijengeki.

Mifumo ya Micronaut na Quarkus ikaihamishia njia hiyo kwenye seva. Mwishoni mwa 2022 hata Spring 6 iliruhusu maunganisho yatayarishwe mapema, kwa sharti moja: yakishapangwa wakati wa kujenga, hayabadiliki tena programu inapowashwa.