Waridi la Jangwani na Ndugu Yake Mnyonge

Anayeliona waridi la jangwani kwenye kitalu cha kando ya barabara, Dar es Salaam au Mombasa, likiwa na petali za tabaka mbili tatu, hudhani ni mmea wa kigeni. Amepatia nusu. Jenasi ya Adenium huota porini kwetu Kenya na Tanzania, na huenea Afrika Magharibi, Uarabuni na kusini mwa bara. Sura hii ya dukani ndiyo iliyotengenezwa ughaibuni, na wakuzaji wa Marekani, Thailand na Taiwan. Hata hivyo, kazi yao isingefika mbali bila mmea mmoja wa kusini ambao kwa shina hauna wa kuusifu.

Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea katika msafara wa mfalme wa Denmark, aliliandika waridi la jangwani kule Yemen, ambako alifariki mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kwa upande wao, hawakungoja maandishi ya mtu: hukamua utomvu wa mmea huu na kuuchemsha hadi uwe mzito, wakapata sumu ya mishale. Ulaya mmea ulibaki kitu cha wachache. Baridi na unyevu huuozesha, na wengi wa porini huchanua kwa msimu tu, wakati mwingine matawi yakiwa hayana hata jani.

Kilichobadilisha mambo ni ule mmea wa kusini, Adenium swazicum, uliopewa jina na Otto Stapf mwaka 1907. Unene wake umejificha ardhini, na matawi yake ni dhaifu. Kwa wapenda mashina manono ni maskini wa kutupwa. Lakini huchanua kwa muda mrefu, na rangi yake ya waridi imekolea. Mark Dimmitt, wa makumbusho ya jangwa ya Arizona-Sonora huko Tucson, alikuwa miongoni mwa walioupandanisha na ndugu zake wanene, na wakapatikana machotara wenye kuchanua miezi mingi. Si kazi ya mkono mzito. Stameni zimeungana kuwa koni ndogo iliyofunika unyanya, sehemu inayopokea chavua, kwa hiyo mchavushaji huchana ua, akaingiza chavua kwa ncha nyembamba kupitia upenyo ulio chini ya koni hiyo. Likishika, hutoka maganda mawili mfano wa pembe, yenye mbegu zilizo na manyoya ncha zote mbili. Mche wa mbegu haufanani na mzazi wake, ndiyo maana chotara bora hubebeshwa juu ya shina la Adenium obesum, mmoja wa ndugu zake wanene.

Wapo wanaosema chotara ni pambo la bandia, na uzuri wa kweli uko porini. Ni kweli kwamba petali zikizidi tabaka ua hulemaa, likainama kwa uzito wake; binafsi naona nyingine zimevuka mpaka. Ila shina na ustahimilivu wa ukame ni vilevile vya porini, na mkuzaji hakuumba kipya, alikusanya tabia zilizokuwa zimetawanyika. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wataalamu kama Gordon Rowley, aliyeihesabu mimea hii yote kuwa spishi moja yenye sura nyingi. Tukimfuata, neno chotara linapungua uzito, lakini hoja haianguki: inakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu thamani yote inabaki kwenye tofauti za mimea ya mahali na mahali, na tofauti hizo zikipotea hakuna kitalu cha kuzirudisha.

Nazo zinapotea. Adenium swazicum, uliochangia maua mengi yanayouzwa leo, uko hatarini kutoweka porini kwa sababu ya mashamba ya miwa na wachimbaji wa dawa. Kwa hiyo mnunuzi wa waridi la jangwani amuulize muuzaji swali moja kabla ya bei: mmea huu ulioteshwa kitaluni, au uling'olewa porini?